Tembo Aliyezidi Ukuta

Baba yangu ameniambia mara nyingi kwamba mimi ni mchoraji hodari wa ng'ombe. Sijawahi kuchora ng'ombe hata mmoja. Ninachochora ni tembo, na kila nikimaliza mmoja namwita, naye anakuja, anainama, analeta jicho lake la kushoto karibu na mchoro mpaka pua inakaribia kugusa rangi, kisha anasema, "Iyi njo ng'ombe, Nadège. Umeiongezea tu pua." Halafu anarudi kwenye kiti chake na kuomba chai.

Watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, wanaona ni mzaha wa mzee na binti yake, nao wanacheka. Mimi sicheki. Nina hasira za karibu, kambi nzima inajua, na yapo mabango ambayo wenyewe wameyapokea herufi zimekaa upande kwa sababu baba aliniambia neno asubuhi. Maana kazi yangu ni hiyo: naandika mabango na kupamba milango ya maduka. Nimechora vichwa vya wanawake kwenye saluni, mapaja ya mbuzi kwenye bucha, simu zenye mabawa kwenye vibanda vya kuchajia. Hivyo vyote baba hajawahi kuvitia kasoro. Kasoro zake ameziweka akiba kwa ajili ya tembo.

Na ana haki nazo. Baba, Papa Zihindula kama wanavyomwita wote, alikuwa mlinzi wa wanyama katika msitu wa mlima Kahuzi, kwetu Bukavu. Ujana wake wote aliumaliza nyuma ya tembo, akiwafuata kwa nyayo na kwa mavi, akilala walipolala. Kisha vita vikaja. Sisi tulikimbia, tukapita nchi moja baada ya nyingine mpaka tukafika Malawi, na tembo wa mlima ule, ambao hawakuwa na pa kukimbilia, walimalizwa karibu wote. Baba hakutoka na picha hata moja. Alichonacho kimo kichwani mwake, na mimi nimekulia juu ya kichwa hicho kama watoto wengine wanavyokulia juu ya redio.

Sasa jicho lake linafunga. La kulia lilikufa miaka mingi iliyopita, presha ya macho, na la kushoto linalifuata. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa: kilichopo katikati anakiona vizuri, pembeni kote ni giza, na tundu linazidi kuwa dogo. Daktari alituambia tusitegemee kwamba litavuka mvua za mwaka huu.

Kwa hiyo nilikuwa nataka kitu kimoja tu. Nilitaka, kabla tundu lile halijazibika, baba amwone tembo wangu na akubali kwamba ni tembo. Sikutafuta sifa, maana baba hana mkono wa kutoa sifa. Nilichoogopa ni kwamba jicho litafunga, naye atabaki gizani na ng'ombe wa binti yake.

Mambo yalianzia kwenye mlango wa saluni ya Uwineza, Mnyarwanda mmoja mwenye duka karibu na soko la kambi. Alikuwa ameniomba nimchoree mwanamke mwenye rasta. Nilimchorea, na pembeni nikaongeza tembo, kwa sababu mlango ulikuwa mpana na mimi sijui kuacha nafasi tupu. Uwineza alinuna siku mbili, akisema wateja wake watafikiri anasuka wanyama. Lakini siku moja alipita mama mmoja wa Kimalawi, mrefu, mwenye viatu vya kutembelea porini, akasimama mbele ya mlango ule muda mrefu kuliko mtu anayetaka kusuka. Kisha akauliza nani amechora.

Jina lake Gertrude. Yuko kwenye chama cha wapenda wanyama kule Lilongwe, na alikuwa anatafuta mtu wa kuchora tembo kwenye ukuta wa shule ya msingi huko Kawale, upande unaotazama barabara, mahali ambapo watu wa sokoni wanapita kutwa nzima. Watoto wa mjini, alisema, wanamjua *njovu* kwa habari tu: amekula mahindi ya fulani, amemkanyaga fulani, fulani amekamatwa na pembe. Hawajawahi kusimama mbele yake, kwa hiyo wakisikia ameuawa hawaoni kwamba kuna kitu kimepungua. Alisema hayo bila kuhubiri, huku akikwaruza rangi ya mlango kwa ukucha kuona kama ni imara, nami nikampenda hapo hapo.

Nilikubali kabla hajamaliza, kwa sharti moja, kwamba baba yangu aje nami. Akauliza kama baba naye ni mchoraji. Nikamwambia hapana, baba ni mtu wa kukataa michoro. Akacheka, akidhani namtania.

Chama chake kilituombea ruhusa ya kutoka kambini kwa juma zima. Kila asubuhi dereva wao alikuja na pikapu, baba akakaa mbele kama mheshimiwa, mimi nikakaa nyuma na makopo ya rangi, na jioni akaturudisha. Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali yaliyopigwa plasta, mrefu wa kwenda lakini mfupi wa kimo. Nikisimama karibu yake ulinifika puani. Nje yake kulikuwa na njia ya waendao kwa miguu, kisha barabara, na ng'ambo ya barabara wauza nyanya na mitumba. Baba aliupapasa ukuta kwa kiganja kwenye usawa wa kiuno chake, akasema plasta ni nzuri. Mimi nikafungua makopo, nikachukua kipande cha makaa, nikainua mkono ili nianze na mgongo, kama ninavyoanza siku zote, mstari mmoja kutoka kichwani hadi mkiani.

"Unaanza na nini?" baba akauliza.

"Na mugongo, Papa."

"Njo maana unapataka ng'ombe." Alikaa kwenye kiti cha plastiki tulichoazimwa na shule, akaweka fimbo kati ya magoti. "Ku msitu tembo haianzake na mugongo. Unainama chini ya majani, unaona muguu moja. Unangoya. Unaona muguu ingine. Pale njo unajua iko wapi, na iko na roho gani ile siku. Mugongo utauona ku mwisho, kama Mungu anapenda. Anza na miguu."

Miaka yote nimechora tembo, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniambia. Nilimuuliza kwa nini alikuwa amenyamaza, akajibu kwamba sikuwahi kuuliza, nilikuwa naleta tu ng'ombe zikiwa zimeiva. Nilitaka kukasirika, lakini nilikuwa na haraka ya kuanza.

Mguu wenyewe alinipimia kwa mikono. Aliikunja mbele yake kama anayekumbatia mtungi, akasema huo ndio mzunguko wa mguu wa mbele wa Madame. Madame alikuwa tembo jike, kiongozi wa kundi lake. Walinzi walimpa jina hilo kwa jinsi alivyotembea bila haraka, kama mke wa mkubwa anayekwenda misa. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo. Baba alimfuata miaka mingi, na hajui alikufa lini wala wapi. Nilipima duara la mikono yake, nikalipeleka ukutani, nikaanza na kucha.

Siku mbili nzima nilichora miguu. Kawale nzima ilikuwa na la kusema. Muuza nyanya mmoja alisema ni marobota ya tumbaku ya mnadani Kanengo. Mwenzake akasema hapana, ni magunia ya makaa. Kijana wa kabaza alisimamisha baiskeli yake, abiria akiwa juu, akauliza kama shule inajengewa nguzo za ghorofa. Gertrude alipita jioni, akaangalia, akaniuliza kwa upole kama mengine yanakuja.

"Yanakuja," nikamwambia.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo yeye hakuliona. Jioni ya siku ya kwanza baba aliinuka kwenye kiti, akapiga magoti kwa shida mbele ya mguu wa kwanza, akaweka jicho lake kwenye kucha. Alipanda nalo taratibu, mkunjo mmoja baada ya mwingine, mpaka pale rangi ilipoishia. Nilikuwa nimeshikilia brashi. Alisema neno moja tu, "Endelea." Nilikuwa sijawahi kupewa neno hilo tangu nianze kushika rangi. Nilijifanya nafunga makopo, nikafuta macho kwa kiwiko.

Siku ya tatu nikafika tumboni. Nilipiga mstari wa tumbo kwa makaa, nikarudi nyuma hatua chache kuona pa kuendelea. Mstari ulikuwa umeshafika kifuani kwangu. Nafasi iliyobaki juu yake isingetosha hata mbavu, sembuse mabega na kichwa.

"Papa," nikasema, "ile Madame ilikuwa na bulefu gani?"

"Chukua kamba. Zungusha ku muguu ya mbele mara mbili. Ile njo bulefu yake, kutoka chini mpaka ku bega. Kila garde wa ku msitu anajua."

Nilichukua kamba ya fundi, nikaizungusha mara mbili kwenye duara la mikono yake, nikaikanyaga ncha moja chini ya ukuta na kuivuta juu. Ilipita ukuta, ikapita kichwa changu, na mkono wangu ukabaki umenyooka hewani, nimeshika mgongo wa tembo asiye na mahali pa kukaa.

"Papa, mbona haukuniambia?"

"Na we mbona haukuniambia kama ukuta iko mufupi?"

Yeye alimjua tembo, mimi niliuona ukuta, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Upuuzi wa namna hiyo unahitaji watu wawili wanaopendana na kudharauliana kwa kiasi kilekile.

Gertrude alifika saa sita, amebeba ugali wa nsima na maharage ya kutugawia. Nilimweleza. Hakunifokea, na ingekuwa nafuu kama angefoka. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, wageni walishaalikwa, na watoto walikuwa wameambiwa wataona tembo, sio miguu minne na tumbo. Akasema kuna chokaa stoo ya shule, tufute, tuanze upya, tembo mdogo kidogo anayeenea. "Watoto wanataka uso," alisema. "Njovu asiye na uso watamkimbia, au watamcheka."

Nilimwona ana haki. Nilimtafsiria baba, na nikaongeza kwamba mimi nakubali.

"Mukifuta," baba akasema, "munirudishe Dzaleka leo. Madame haiwezi kuwa mutoto."

"Si mutoto, Papa. Ni picha ndogo tu."

"Picha ndogo njo zile za kalenda. Zile umenionyesha miaka yote."

Hapo hasira zikanipanda. Nilikuwa na njaa, jua la Oktoba lilikuwa linanichoma shingo, na kazi ya siku tatu ilikuwa inaondoka na chokaa. Nikamwambia kwa sauti ambayo hata wauza nyanya waliisikia: "Ikuwe mukubwa, ikuwe mudogo, we hauone. Sasa ile mukubwa ni ya nani?"

Wauza nyanya hawajui Kiswahili, lakini waligeuka kututazama. Niliumia kabla neno halijamfikia. Baba hakuinua sauti. Alipapasa fimbo yake kidogo, kisha akanijibu kama anayemweleza mtu njia.

"Kitu kidogo, hii jicho yangu inakiona mara moja. Kinaisha. Ile mukubwa sitaiona yote, nitaona kipande, nitasogea, nitaona kipande ingine. Itanipa kutembea. Kama ni mara ya mwisho, mi nataka nitembee."

Gertrude aliniuliza mzee amesema nini. Nilianza kumtafsiria kwa Kichewa changu cha sokoni, nikafika kwenye neno la kutembea nikashindwa, nikaanza tena. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tonge la nsima mkononi. Hakulila. Aliangalia ile miguu kwa muda, kisha akamgeukia baba.

"Agogo, huyo Madame wenu alikuwa hanywi maji?"

Nilitafsiri. Baba akageuza uso kumwelekea.

Gertrude akasema kwamba yeye amewaona mara nyingi wakinywa kwenye mto Shire. Wakifika majini kichwa kinashuka, uso unakuja chini kabisa, na mtu aliye ng'ambo haangalii mgongo, anaangalia uso. "Mgongo na uende unakotaka," alisema, "mradi uso ubaki nasi."

"Anakunywa," baba akasema. "Kuko fasi moja ya matope ya chumvi, pale chini ya mianzi. Anashusha kichwa mpaka ile meno murefu inagusa matope. Anachimba na meno, kisha anakunywa. Jicho inakuja chini hapa." Akaweka mkono hewani, usawa wa kifua cha mtoto wa shule. "Mwambie huyu mama anajua kuangalia."

Nilimwambia. Gertrude akala tonge lake.

Kuanzia hapo baba aligeuza kiti. Alikaa ameupa ukuta kisogo, uso kwenye barabara, na akaniongoza kwa maneno tu. Nilimuuliza mbona haangalii. "Nikiangalia kila saa nitazoea makosa yako," akasema. Wapita njia wakawa wanamsalimu, *zikomo agogo*, naye anainua fimbo, na katikati ya salamu ananiambia meno, yaani zile pembe, yawe yamenyooka kwenda chini, yasipinde, maana ni tembo wa msituni, akikimbia kwenye mianzi meno yaliyopinda yangemnasa. Masikio ya duara, si mapana. Gertrude alipoona masikio na meno alisema tembo wa Malawi hawako hivyo.

"Mi sijaishi na bale ba kwenu," baba akajibu.

"Basi naye ni mkimbizi kama wengine," Gertrude akasema, "tutampokea." Baba alicheka mpaka akakohoa.

Tulipofika kwenye rangi tukagombana tena, lakini ugomvi mdogo. Nilikuwa nimechanganya kijivu. Akaniuliza kijivu nimekiona wapi. Tembo, alisema, ana rangi ya matope ya alikolala. Basi nikachota udongo mwekundu kando ya barabara, nikauchekecha kwa kipande cha chandarua, nikauchanganya na rangi. Jicho nilikuwa nimelichora kubwa lenye kope kama la bibi harusi. Akaniambia kwa mdomo tu, bila kugeuka, jinsi lilivyo dogo, la rangi ya asali, lenye mikunjo mingi kulizunguka, na nyuma yake mstari wa unyevu unaoshuka shavuni. Si machozi, alisema, ni jasho lao. Nilifuta, nikachora upya. Nilifuta tena. Mgongo niliuacha uende juu mpaka ulipokutana na mwisho wa ukuta, ukakatika hapo. Sikio la kushoto nikalitia pengo.

Ijumaa jioni nikamwambia nimemaliza, kama anataka kuangalia kabla watu hawajaja. "Kesho," akasema. Akaingia kwenye pikapu bila kugeuza shingo. Njia nzima ya kurudi Dzaleka nilikaa nyuma na makopo matupu, nikimwogopa mzee mwembamba aliyekuwa anasinzia mbele.

Jumamosi shule ilipanga viti kwenye njia, mgongo kwa barabara. Mwalimu mkuu alikuwepo, wageni wachache wa chama, na watoto wengi kuliko viti, wamekaa chini mbele kabisa, karibu na ukuta. Wauza nyanya walikuja na mabeseni yao wakasimama nyuma. Gertrude alikuwa na karatasi ya hotuba, lakini alisema kabla hajasoma, mzee atangulie. Nikamshika baba mkono.

Tulianzia mkiani. Alisogeza jicho lake mpaka kwenye mguu wa nyuma, chini kabisa, akakaa hapo. Kisha akapanda nalo. Alipofika mwisho wa ukuta hakusimama. Aliendelea kupandisha uso taratibu, juu ya plasta, juu ya matofali ya mwisho, mpaka alipokuwa anatazama mbingu tupu, na huko akafuata kitu kwa muda, akateremka nacho tena. Nilielewa kwamba alikuwa anauangalia mgongo. Akapiga hatua. Akaangalia tumbo, akapiga hatua nyingine. Watoto walianza kunong'ona, mwalimu akawanyamazisha. Mimi sikuwa nasikia vizuri. Nilikuwa nasubiri neno, na neno lenyewe nililijua, nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote, na nilikuwa nimejiandaa kulipokea mbele ya watu bila kulia.

Alifika kwenye sikio. Akainua kidole mpaka kwenye pengo bila kuligusa. Akainama, akateremka kwenye shavu, kwenye ule mstari wa jasho, na kutoka hapo akafika kwenye jicho. Lake na la Madame yakawa usawa mmoja, yametengana kwa upana wa kiganja.

Nilihisi tu vidole vyake vikinibana kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Usimupe mugongo," akaniambia, kwa sauti ambayo niliisikia mimi peke yangu.

"Papa?"

"Polepole. Ametuona. Rudi nyuma na miguu, usigeuke, usikimbie."

Nilimtazama usoni, nikitafuta mzaha wake. Haukuwepo. Midomo yake ilikuwa imekauka, kifua kinapanda na kushuka, na jicho lile bovu halikuondoka kwenye ukuta hata kidogo. Alipiga hatua ya kwanza kwenda nyuma, ya kupapasa, kisigino kwanza, nami nikapiga yangu. Kisha nyingine. Watoto waliokaa chini walimwona mzee anarudi nyuma macho mbele, hawakungoja tafsiri. Waliinuka mmoja mmoja, kimya, wakaanza nao kurudi nyuma. Viti vikakwaruza. Mwalimu mkuu akarudi nyuma, wageni wakarudi nyuma, Gertrude akarudi nyuma na karatasi yake mkononi, na wauza nyanya wakaokota mabeseni wakatupisha bila kuuliza. Minibasi moja ilisimama kutupa njia, na kondakta wake, aliyekuwa ananing'inia mlangoni akiita abiria, akaacha kuita. Tulivuka barabara hivyo hivyo, umati mzima, nyuso kwa Madame.

Ng'ambo ya pili baba aliachia pumzi, na mkono wangu akauachia. Nilikuwa nalia waziwazi, sijali nani ananiona. Hakuna siku nimewahi kufurahi kama siku ile.

Gertrude alisogea karibu, akaniuliza kwa kunong'ona mzee anasemaje.

"Mwambie batoto," baba akasema, "bamuache anywe."

Nikamtafsiria. Gertrude akawaambia watoto kwa Kichewa, naye kwa sauti ya chini, na tukabaki wote tumesimama upande wa wauza nyanya, tukimsubiri amalize.